Mchi wa Babu Lipangala

Bibi Dorika alicheka mpaka akakohoa. Alikuwa amekaa kwenye mkeka nje ya nyumba yake kule Masagati, miguu ameinyoosha, na kicheko kilimtoka kwa vipande kwa sababu kifua chake hakikuwa na nguvu tena.

"Mkuki?" aliuliza. "Nani kakuambia baba yangu alikuwa na mkuki?"

Teofili alisogeza simu karibu na mdomo wake, akirekodi. Alikuwa ametoka Ifakara kwa treni hadi Mlimba, halafu saa nne juu ya bodaboda kwenye njia ya matope, kwa ajili ya huo mkuki tu. Alikuwa mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, mtu wa miaka arobaini na moja, na ukoo ulikuwa umempa kazi. Aandike kitabu kidogo cha hadithi juu ya Babu Lipangala, babu wa baba yake, aliyeishi wakati wa Vita vya Maji Maji. Mwezi wa tisa kaburi la babu huyo lingejengewa kwa saruji kule Kisawasawa, na siku hiyo Teofili angesimama asome mbele ya watu.

"Kila mtu anajua, bibi. Alimchoma askari wa Mjerumani pale mtoni. Mkuki wenyewe upo, baba ameutundika sebuleni."

"Baba yako ana mkuki," alisema Bibi Dorika. "Baba yangu hakuwa na mkuki. Alikuwa na mchi."

Yeye alikuwa kitinda mimba wa Lipangala, mtoto wa uzeeni, na sasa mwenyewe alikuwa amepita miaka tisini. Watoto wengine wote wa mzee huyo walikwisha kufa. Alimeza mate, akaanza kueleza polepole, akitazama mbele kama anayesoma ukutani.

Mwaka ule askari walipita kijiji hadi kijiji kandokando ya milima, wakichoma maghala. Mwanamume waliyemkuta walimnyonga, au walimfunga kamba shingoni akabebe mizigo. Wanaume wa kijiji wakakimbilia msituni, juu. Lipangala alibaki. Mke wake wa kwanza alikuwa amekufa kwa homa wiki mbili kabla, akamwachia mtoto wa miezi minne. Wenzake walimwambia mtoto anayelia atawaponza wote, amwachie wanawake wamlee. Akakataa.

Siku askari walipotokea, wanawake walikuwa mbali wakichimba mizizi ya porini, kwa sababu chakula kilikuwa kimekwisha. Kijijini palikuwa na bibi kizee mmoja, Lipangala, na watoto kumi na mmoja. Bibi yule akavua kaniki yake mwenyewe, akabaki na kitambaa cha kiunoni, akamwambia: vaa.

"Akavaa," alisema Bibi Dorika. "Akajifunga kifuani, akafunika kichwa, akambeba mtoto mgongoni. Akashika mchi. Kinuni hamkuwa na mpunga, mlikuwa na pumba. Akatwanga pumba. Wale askari wakakaa kivulini pale pale mpaka jua likapinduka. Watoto kumi na mmoja wamemzunguka, wote wanamjua ni baba wa fulani, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo. Mkubwa wa askari akamuuliza, mume wako yuko wapi? Akajibu kwa sauti nyembamba, amekufa. Akalia. Kulia hakukumshinda, alikuwa na msiba kweli."

"Na akaendelea kutwanga?"

"Angeacha, wangemtazama mikono. Hakuacha."

Jioni askari walichoma ghala wakaondoka. Watoto hawakuguswa. Yule wa mgongoni alikua, akaoa, akamzaa Ildefonce, baba yake Teofili.

"Na wanaume waliporudi?"

"Walimcheka. Mpaka anakufa walikuwepo waliomwita Mama." Bibi Dorika aligeuka akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Mimi aliniambia bila aibu yoyote. Andika hivyo, mume wangu. Mimi nikienda, nani atasema?"

*

Aliandika kwa wiki tatu, kila akitoka shuleni. Mkewe Restuta alisoma kurasa za katikati mara mbili, akaziweka mezani.

"Ni nzuri," alisema. "Na baba atakufukuza."

"Ni hadithi, mama Anselim. Nimebuni mengi. Hata jina la yule bibi kizee nimelitunga."

"Kwa baba hakuna kitu kinaitwa hadithi."

Teofili alijua. Mzee Ildefonce alikuwa na miaka sabini na minane, aliwahi kuwa mwenyekiti wa kijiji kwa muda mrefu, na wanawe alikuwa amewalea chini ya mkuki ule. Teofili akiwa na miaka tisa, baba yake alimkuta akimsaidia mama kuchambua mchele. Mzee aliuchukua ungo, akamwaga mchele wote mchangani, akasema, "Kitukuu wa Lipangala hakai na ungo." Usiku ule walikula mihogo.

Na lilikuwepo jambo la Evod, mdogo wake Teofili, aliyekaa Sanje. Miaka miwili iliyopita mke wake, Sikitu, alipooza upande mmoja baada ya kujifungua. Evod aliacha kazi ya kuendesha trekta, akafungua genge la ndizi na nyanya mbele ya nyumba ili awe karibu. Yeye ndiye aliyemwogesha mkewe, yeye alipika, yeye alifua nepi. Mzee Ildefonce alimtumia ujumbe amrudishe Sikitu kwao, aoe mwingine. Evod alijibu kwamba mke wake hajafa. Tangu siku hiyo mzee hakulitaja jina la mwanawe. Alisema "yule wa Sanje", na mara moja, mbele ya watu kilabuni, alisema "yule mama wa Sanje", watu wakacheka.

Teofili angeweza kukaa kimya mpaka siku ya sherehe. Lakini aliona ni utovu wa adabu, akapeleka nakala Kisawasawa mwenyewe.

Siku tatu baadaye aliitwa.

Walikuwa barazani, wazee watano wa ukoo, na katikati yao Stanislaus, baba yake mdogo, ambaye alikuwa karani wa ushirika mpaka alipostaafu na ambaye miwani yake ilikuwa imefungwa kamba nyuma ya shingo. Kurasa zilikuwa magotini pake. Mzee Ildefonce alikaa pembeni, mgongo umenyooka, macho yake kwenye shamba la mpunga ng'ambo ya barabara.

"Shikamoo baba. Shikamooni wazee."

Waliitikia wote, isipokuwa baba yake.

Stanislaus hakusalimia zaidi. Alisoma kwa sauti, neno kwa neno, mahali ambapo Lipangala anajifunga kaniki. Alisoma vibaya makusudi, akivuta sauti yake iwe nyembamba kama ya mwanamke, na mzee mmoja akatema mate nje ya baraza.

"Haya ulitoa wapi?"

"Kwa Bibi Dorika. Nimerekodi, baba mdogo. Naweza kuwasikilizisha."

"Dorika ana miaka mingapi? Dorika juzi aliuliza kama mama yake amerudi kutoka kisimani." Stanislaus alivua miwani. "Mgeni rasmi anakuja. Paroko anakuja. Wasukuma majirani zetu wametoa ng'ombe. Halafu wewe unasimama kutuambia babu yetu alivaa nguo za kike akatwanga pumba. Watoto wetu watapita wapi?"

"Aliokoa watoto kumi na mmoja. Bila yeye hata sisi tusingekuwepo hapa. Mimi naona huo ndio ushujaa wenyewe."

"Wewe unaona."

"Na ni hadithi, baba mdogo. Mtu anaandika anavyofikiri ilikuwa. Hakuna aliyekuwepo."

Stanislaus alitabasamu kidogo.

"Sawa. Kama ni hadithi, na hakuna aliyekuwepo, andika hadithi ya mkuki. Inakugharimu nini?"

Teofili alikuwa amefundisha watu kuandika kwa miaka kumi na sita, na sasa alimtafuta baba yake kwa macho.

"Baba," alisema, akageukia pembeni.

Mzee Ildefonce hakuyaondoa macho yake shambani. "Siku hiyo nitakaa mbele," alisema. "Nitakaa na mkuki wangu mapajani. Utasoma ninachokijua mimi. Ukisoma kingine, usinifuate tena kwangu, na siku yangu ya kuzikwa usishike jembe."

Bajaji ilipita barabarani ikielekea Ifakara.

"Nimesikia, baba," alisema Teofili.

Aliandika ya mkuki. Ilimchukua siku mbili tu, na kilichomuumiza ni kwamba ilikuja kwa urahisi. Mto, matete, askari anainama kunywa maji, chuma kinametameta. Alijua kila sentensi kabla hajaiandika.

*

Jumapili alikwenda Sanje kumwalika mdogo wake. Hakutaka asikie habari za sherehe kwa watu wengine.

Sikitu alikuwa uani kwenye kiti cha plastiki, ameegemezwa mto. Evod alikuwa amemaliza kumsuka, na sasa alikuwa kwenye kinu akitwanga mpunga wa siku hiyo, shati amelivua. Teofili alikaa kwenye kigoda akamweleza yote, safari ya Masagati, kikao, hadithi mbili. Alieleza kwa haraka, kama mtu anayeleta zawadi.

Evod hakusimamisha mchi. "Kwa hiyo uliandika kuhusu mimi."

"Niliandika kuhusu babu."

"Uliandika kuhusu babu ukanifikiria mimi. Halafu wakakukemea, ukaacha." Sasa aliusimamisha mchi. "Kaka, mimi sijakuomba unitetee. Ninapopita barabarani na ndoo ya nguo, ni mimi ninayeitwa mama, si wewe. Wewe utasoma, utapigiwa makofi au utazomewa, utarudi Ifakara kwenye shule yako. Mimi nabaki hapa hapa. Usinitumie."

"Sikukusudia..."

"Sisi hatuji huko."

Kisha Sikitu akasema kitu. Maneno yake yalikuwa mazito, yalitoka upande mmoja wa mdomo, na Teofili hakuyaelewa.

"Anasema usome," alisema Evod kwa kukereka. "Anataka kuisikia hiyo ya mchi."

Alikuwa nayo mkobani, hakuwa ameitupa. Alisoma. Evod alirudi kwenye kinu, lakini mapigo yakawa ya polepole, halafu yakakoma. Teofili alipofika mahali ambapo Lipangala anatwanga kuanzia asubuhi, amesimama wima kama mnazi, malengelenge yakimtoka kwenye vidole, mdogo wake alikuja akasimama mbele yake.

"Hapo umekosea."

"Wapi?"

"Mtu hatwangi wima. Akisimama hivyo na mtoto mgongoni, nusu saa tu kiuno kimekufa, na askari angejua huyu hajawahi kushika mchi. Anainama hivi, anabadilisha mikono. Na lengelenge halitoki kwenye vidole." Alimshika Teofili mkono, akaufungua, akabonyeza kwa kidole gumba chini ya kidole cha pete. "Linatoka hapa. Likipasuka, mchi unateleza, inabidi ushike kwa nguvu zaidi, na ndiyo inazidi kuchubuka. Andika hivyo."

Kiganja chake mwenyewe kilikuwa kigumu pale pale, kama ngozi ya kisigino. Teofili alikitazama. Kisha akatoa kalamu, akasahihisha, mbele yao.

Sikitu alisema tena, na safari hii Teofili alielewa. Alisema, "Twende."

"Hatuendi," alisema Evod.

*

Siku ya kaburi jua liliwaka mapema. Turubai la bluu lilifungwa uwanjani kwa Mzee Ildefonce, masufuria ya pilau yalikuwa nyuma ya nyumba, na spika mbili kubwa zilitoa kwaya. Watu walifika wengi kuliko ilivyotarajiwa. Paroko alibariki kaburi, mgeni rasmi akakata utepe, na makofi yakapigwa.

Teofili alikuwa na bahasha moja chini ya kwapa. Ndani yake mlikuwa na hadithi mbili. Alijiambia kwamba ile ya pili amekuja nayo kwa sababu tu hakuwa na mahali pa kuiacha.

Mzee Ildefonce alikaa kiti cha mbele kabisa, mkuki umelala mapajani mwake. Stanislaus alikuwa mshereheshaji. Alishika maikrofoni akasema, "Sasa mtoto wetu, mwalimu, atatusomea habari za simba wetu."

Teofili alipokuwa anasogea mbele, bajaji iliingia uwanjani. Evod alishuka. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Alimtoa Sikitu ndani, akamweka mgongoni, mikono ya mkewe imemzunguka shingo, akatembea naye hivyo katikati ya watu wote mpaka kwenye kiti kitupu pembeni ya turubai. Mtu alicheka nyuma. Mwingine akasema, "Mama wa Sanje kafika," kwa sauti iliyotosha kusikika. Evod hakugeuka. Alimkalisha mkewe, akamrekebisha khanga miguuni, akachuchumaa kando yake.

Mzee Ildefonce alikuwa ameona. Alikaza shingo, akatazama mbele.

Teofili alianza kusoma. Mwanzo wa hadithi zote mbili ulikuwa ule ule: kijiji, njaa, kifo cha mke, mtoto. Watu walitulia. Alisoma jinsi wanaume walivyokimbilia msituni, na akafika mwisho wa ukurasa wa nne. Hapo njia ziligawanyika. Kwenye bahasha vidole vyake viligusa karatasi za juu, za mkuki, kisha zile za chini. Hakutazama upande wa Evod. Alimtazama baba yake, na baba yake alimtazama yeye, na macho ya mzee hayakuwa na hasira. Yalikuwa na hofu. Teofili hakuwahi kuiona hofu kwenye uso ule, na hakuielewa.

Akatoa karatasi za chini.

"Yule bibi akavua kaniki yake," alisoma, "akamwambia: vaa."

Kwanza hakuna aliyeelewa. Kisha minong'ono ikaanza, ikapanda. Stanislaus alisimama. "Mwalimu," alisema. Teofili aliendelea. "Mwalimu! Umekosea karatasi!" Teofili aliendelea kusoma. Stanislaus alimgeukia fundi wa mitambo, akapitisha mkono shingoni, na spika zikazimika.

Sauti ya Teofili ikabaki peke yake, ndogo, uwanjani. Akaipandisha. Vijana wawili wa ukoo walikuja mbele. Mmoja alimshika bega, mwingine akavuta karatasi. Moja ikachanika. Teofili aliikumbatia bahasha kifuani, na kwa kuwa hakuwa na cha kusoma tena, akasimulia kutoka kichwani, akipiga kelele, jinsi Lipangala alivyoinama, jinsi alivyobadilisha mikono, lengelenge lilipotoka na lilivyopasuka. Alisikia kiti kikianguka. Mtu alimsukuma akapiga goti chini.

"Mwacheni!"

Alikuwa Evod. Alikuwa amesimama, ngumi amezikunja, na vijana wale wakasita kwa sababu walizijua nguvu zake. Paroko alikuwa ameinuka nusu, mkono hewani.

Mzee Ildefonce akanyanyuka. Watu wakampisha, wakidhani anakwenda kumpiga mwanawe. Alimpita Teofili bila kumtazama, akampita Evod, akatoka nje ya turubai, akazunguka nyumba, akiuburuta mkuki nyuma yake, ncha ikichora mstari kwenye mchanga.

Wanaume wengi walimfuata kwa macho, kisha wakaanza kuondoka mmoja mmoja kuelekea kwenye chakula. Wanawake hawakuondoka. Mmoja wao, mzee, alivuta kiti chake karibu, akamwambia Teofili, "Malizia, baba. Alitwanga mpaka saa ngapi?"

Akamalizia.

*

Alimkuta baba yake nyuma ya choo cha zamani, ameketi juu ya tofali. Mkuki alikuwa ameulaza chini.

"Umefurahi?" aliuliza mzee.

"Hapana, baba."

"Ulidhani sijui." Halikuwa swali. "Dorika anadhani yeye peke yake ndiye anayejua. Baba yangu aliniambia nikiwa mdogo, kwa sababu wenzangu shuleni walishajua kabla yangu. Walikuwa na wimbo. Nikipita wanapiga ardhi kwa fimbo, du, du, du, kama mchi. Miaka minne. Nilipigana kila wiki. Jino la hapa lilitoka wakati huo." Aliinua mdomo wa juu, akaonyesha pengo ambalo Teofili alikuwa amelizoea maisha yake yote. "Nikiwa kijana nilikwenda Mahenge, nikaununua huu. Nikarudi nikasema nimeukuta kwa baba, juu ya dari. Baba alikuwa hai. Alinitazama, hakusema kitu. Wale walioimba wakahama, wakafa. Wimbo ukafa. Mimi niliuua, Teofili. Kazi ya miaka hamsini. Leo wewe umeufufua kwa robo saa."

Teofili alikaa chini mchangani.

"Ningejua, baba..."

"Ungejua ungefanya nini?"

Alifikiri kwa ukweli. "Sijui," alisema.

"Basi." Mzee alisimama kwa shida, akakataa mkono uliotaka kumwinua. "Nilichosema barazani nimekisema."

*

Ukoo ulitimiza neno la mzee. Kitabu kilichochapishwa mwezi wa kumi na moja kiliandikwa na mtu mwingine aliyetafutwa na Stanislaus, na ndani yake kuna mkuki, kuna mto, kuna askari anainama kunywa maji. Teofili hakuitwa tena kwenye vikao. Alipokwenda Kisawasawa kwa Krismasi alikuta mlango umefungwa, ingawa redio ilisikika ndani. Lakini mtu fulani alikuwa amemrekodi kwa simu siku ile, akiwa amepiga goti akipaza sauti, na sauti hiyo ilitembea kwenye makundi ya simu za watu kutoka Mlimba hadi Kidatu. Bibi Dorika alifariki Januari. Majirani wa Masagati walimpigia simu Teofili kwanza, kabla ya Stanislaus.

Mwezi wa tatu, wakati mashamba yamejaa maji, Mzee Ildefonce aliteleza kwenye tuta la jaruba akavunjika nyonga. Alilazwa hospitali Ifakara. Ilibidi mtu wa familia akae naye, amlishe, amgeuze, amwogeshe. Mama alikuwa amekwisha kufa, mabinti walikuwa mbali, na wakwe zake hawakuweza kumwogesha baba mkwe. Teofili alikuja. Mzee hakumfukuza, kwa kuwa hakuwa na pa kwenda.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Hilo tu.

Teofili alijaribu. Alimwaga maji kitandani. Alimgeuza upande usiofaa, mzee akapiga ukelele hadi wagonjwa wengine wakainua vichwa. Alipotaka kumvua shuka, mikono yake yote miwili ilisita, na mzee akaliona hilo, akageuzia uso ukutani. Siku ya tatu ngozi ya mgongo ilianza kuwa nyekundu. Muuguzi aliwafokea wote wawili.

Mchana ule mzee alisema, uso bado ukutani, "Niitie Evod."

Teofili hakuwa na hakika kama amesikia vizuri mpaka alipokuwa nje akitafuta namba kwenye simu. Jina lile hakuwa amelisikia mdomoni mwa baba yake kwa karibu miaka mitatu.

Evod alifika saa kumi, amemwacha Sikitu na mtoto kwa shangazi yake. Alikunja mikono ya shati, akajaribu maji kwa kiwiko, akavuta pazia. Teofili alibaki nje yake na beseni la maji machafu mikononi, akisubiri kuambiwa aliweke wapi. Alisikia kitambaa kikikamuliwa. Alimsikia mdogo wake akisema taratibu, "Nishike shingo, baba. Usiogope, sitakuangusha. Mkono huu hapa. Haya, pumua." Kitanda kililia kidogo, na hakukuwa na ukelele.

Kisha sauti ya maji.

"Una mikono mizito," alisema mzee mwishowe.

"Nipunguze?"

"Hapana," alisema Mzee Ildefonce. "Sugua pale chini. Panawasha."